Albamu za picha za zamani nyumbani: tupeane uzoefu

Mwana Shangani: Juzi nimeenda Mikindani kuhani msiba, bibi akanitolea albamu uvunguni. Zile za gundi na nailoni juu. Picha zimeganda, ukivuta mtu anabaki nusu sura. Kwenu zipo? Tiririkeni.

Pweza Mkavu: Kwetu walikula mchwa. Wametuachia jalada.

Mjukuu wa Lindi: Afadhali mchwa. Kimbunga cha 1952 babu alikisimulia mpaka anafariki, picha ya ile nyumba hatuna hata moja.

Binti Newala: Mimi hata sijui nianzie wapi. Mzee alipofariki tukawa tunapanga vitu vyake. Nyuma ya picha yangu ya kipaimara kumbe imefichwa nyingine. Mzee yuko Ndundu anasubiri kivuko, enzi zile daraja la Mkapa bado, mabasi yamepanga foleni nyuma yake. Kavaa shati la mistari aliloshonewa na mama. Kabeba mtoto wa kike, kama miaka mitatu hivi. Si mimi, si dada. Nyuma kaandika kwa peni ya bluu, mwandiko wake kabisa: "Na mwanangu, Novemba 1994." Mimi nilizaliwa mwezi uliofuata. Mama akaitazama, akaichomeka kifuani, akaendelea kuchambua choroko. Hajasema neno mpaka leo.

Pweza Mkavu: Nimekaa paleee.

Kaka Masasi: Chai hii. Sukari imezidi.

Binti Newala: Kunywa maji basi.

Mzee wa Busara: Ndiyo maana nasema picha za marehemu zitolewe ukutani.

Mjukuu wa Lindi: Mzee wangu, shikamoo, lakini picha ilikuwa kwenye albamu. Ukuta umetokea wapi?

Mama Korosho: Binti, huyo mtoto ukampata?

Binti Newala: Yuko Nangurukuru, ana duka la vitenge. Masikio yetu yale yale. Tunapigiana simu kila wiki. Mama hajui. Au anajua.

Mwana Shangani: Pole dada. Jamani, na picha zangu zilizoganda?

Kaka Masasi: Anika juani, gundi ilainike.

Mama Korosho: Usithubutu! Za harusi yangu ya 1987 zilipigwa jua la dirishani, sasa wote wekundu kama tumepakwa mawese. Ya babu, nyeusi na nyeupe, ndiyo inadai. Pitisha uzi mwembamba chini ya picha, polepole, kama unakata ugali.

Pweza Mkavu: Mimi niliambiwa friza, gundi inakauka inaachia.

Mwana Shangani: Bibi friza lake limejaa samaki.