Mpira wa mkojo: maabara inasema dawa inaua, mbona bakteria wanarudi?

NesiWodini:
Wakuu, naomba tuelimishane. Mgonjwa wa tezi dume, mpira wa mkojo (katheta, unaotoa mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko) una wiki ya nne. Alipata homa, mkojo ukaoteshwa maabara kutafuta bakteria, akatoka bakteria E. koli anayekufa kwa antibiotiki ya siprofloksasini. Alimaliza dozi ya siku 7, homa ikashuka. Wiki moja baadaye homa imerudi, na majibu ni yaleyale: E. koli, na siprofloksasini bado inamuua. Mpira haukubadilishwa. Kosa ni la dawa au la mpira?

BenchiLaMaabara:
La mpira. Majibu yetu yanahusu bakteria wanaoelea. Walioganda kwenye mpira wamejifunika utando wa ute, na kuwaua kunaweza kuhitaji dawa mara 100 hadi 1,000 zaidi, kiwango ambacho mgonjwa hawezi kupewa.

Wa chini kabisa ya utando wanakosa chakula na oksijeni, hivyo hawagawanyiki. Antibiotiki kama seftriaksoni huua bakteria anapojenga ukuta wake, asiyejenga haimdhuru. Jentamisini nayo huhitaji oksijeni ili iingie ndani ya bakteria. Isitoshe, mpira hauna mishipa ya damu, kwa hiyo dawa huufikia kupitia mkojo tu. Siprofloksasini ilisafisha mkojo, kisha waliobaki kwenye mpira wakazaana upya. Ndiyo maana huoni usugu (bakteria kutouawa tena na dawa) kwenye majibu.

DktMkojo:
Kwanza uliza kama bado anauhitaji huo mpira. Kama hauhitaji, toa. Kama anauhitaji na umepita wiki 2, weka mpya mwanzoni mwa matibabu, halafu chukua mkojo wa kuotesha kutoka mpira mpya, kamwe si kwenye mfuko. Ukichukua kwenye mpira wa zamani unaotesha pia wale wa kwenye utando, ambao huenda siyo wanaoleta homa. Ila presha ikianza kushuka au akichanganyikiwa, usicheleweshe dozi ya kwanza kwa sababu ya mpira.

Akipata nafuu mapema, siku 7 zinatosha. Akichelewa, 10 hadi 14.

Ukiutoa, angalia ncha. Ukikuta chenga nyeupe ngumu, mfikirie bakteria aitwaye Proteus. Huyo huvunja urea kuwa amonia, mkojo unakuwa wa alkali, chumvi za fosfati zinaganda na kuziba tundu. Antibiotiki ya nitrofurantoini haimwezi.

NesiWodini:
Asante daktari. Na wale wasio na homa ila mkojo una ukungu na unanuka? Kusuuza kibofu kwa jentamisini je?

DktMkojo:
Hao usiwape dawa. Kila siku ya mpira huongeza uwezekano wa kuota bakteria kwa takriban asilimia 3 hadi 7, na ukifika mwezi karibu wote wanao. Ukiwatibu unazalisha usugu bure. Isipokuwa mjamzito, au anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo unaotoa damu. Kusuuza kwa antibiotiki usifanye kama kawaida ya wodi: hakuondoi utando, na kila ukitenganisha mpira na mfuko unafungua njia ya bakteria wapya.