Pembe za piramidi: mwanafunzi anakwamishwa na Kiingereza au na mchoro?

Kipeo V
Naweka swali mezani ili tusibishane hewani. Piramidi VABCD ina kitako cha mraba chenye upande wa sm 8. Kingo VA, VB, VC na VD zina urefu wa sm 9 kila moja. Tafuta (a) kimo, (b) pembe kati ya VA na kitako, (c) pembe kati ya uso VBC na kitako.

Msimamo wangu: kikwazo cha kwanza ni lugha. Katika shule nyingi za msingi Tanzania mtoto husoma hisabati kwa Kiswahili, akajua maneno kama «pia» (umbo la koni), «tufe» (umbo la mpira) na «mcheduara» (umbo la kopo). Akiingia kidato cha kwanza maneno yote hayo yanawekwa kando. Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, haikutekelezwa. Sera ya elimu ya 2014 ikakifungulia Kiswahili mlango ngazi zote, na bado karatasi ya hisabati ya kidato cha nne ni ya Kiingereza. Mtoto anaacha swali tupu kwa sababu hajui ameulizwa nini.

Timazi
Siafiki, mwalimu. Makosa ya swali hili yana sura zilezile kila mwaka, na ukiyachunguza huoni lugha ndani yake.

Kosa kubwa ni kimo cha 8.06. Mwanafunzi amechukua nusu ya upande, yaani 4, akaandika 81 − 16 = 65, akatafuta kipeuo. Huyu ameelewa kila neno. Ambacho hakukiona ni kwamba kimo kinashuka hadi O, pale ulalo (mistari ya kona hadi kona) AC na BD zinapokatana, na kutoka A hadi O ni nusu ya ulalo, si nusu ya upande. AC = 8√2, kwa hiyo AO = 4√2. VO² = 81 − 32 = 49, VO = sm 7. Ile 8.06 yenyewe ni urefu wa kweli, ila ni wa VM, kutoka kilele hadi M katikati ya BC.

Sehemu (b): tan = 7 ÷ 4√2, pembe ni 51.06°. Sehemu (c): pembe inakaa M, ndani ya pembetatu VOM, tan = 7 ÷ 4, jibu 60.26°. Wengi huandika 63.61° kwa sababu wametumia kosini = 4/9. Hiyo ni pembe VBC, iliyolala juu ya uso wenyewe, haina habari na kitako.

Hata Kenya, ambako sekondari pia husomeshwa kwa Kiingereza na jiometri ya pande tatu hufundishwa kidato cha nne, mtego ni huohuo: pembetatu bapa haijatolewa ndani ya umbo.

Nyuzi 60
Naongeza jambo dogo kwa wanaotumia kikokotoo. Ukipata 1.05 kwenye (c), kimewekwa kwenye radiani, ukipata 66.95, kiko kwenye gradi, vipimo vingine vya pembe badala ya nyuzi. Na anayekadiria AO kuwa 5.7 mapema atapata kimo 6.96 na pembe 50.7° hivi. Acha 4√2 ilivyo hadi mstari wa mwisho.

Kipeo V
Timazi, unahesabu waliojaribu. Mimi nawasemea walioacha ukurasa mweupe. Chukua «angle of depression»: mnara wa m 40, mtu juu yake anaona mashua kwa pembe hiyo ya 25°, tafuta umbali wa mashua kutoka kitako cha mnara. Neno lenyewe halimwambii mtoto wetu kitu, basi anaibandika pembe kati ya mnara na mstari wa kuona, anapata 40 × tan 25° = m 18.65. Jibu ni 40 ÷ tan 25° = m 85.78. Ukimwambia «pembe ya mwinamo», jicho linatazama mbele kwanza halafu linainama. Mstari wa kuanzia, ule wa mlalo, umo ndani ya neno.

Ulalo
Hapo umejifunga mwenyewe. Anayeinama anaanzia kusimama wima! Mtoto akifuata neno, atapima kutoka kwenye mnara, kosa lilelile.

Napenda Kiswahili kifundishe hisabati, lakini tusijidanganye kwamba msamiati uko tayari. Chukua sanduku. Muulize mtoto lina pembe ngapi: atahesabu kona, atasema 8. Pembe za nyuzi 90 kwenye nyuso zake ni 24. Muulize upande wa sanduku ni upi: atakuonyesha ubao mzima, wakati kwenye pembetatu tulimfundisha kwamba upande ni mstari. Kwenye umbo la pande tatu lazima tushike ukingo, uso na kipeo tangu somo la kwanza, tusiachie «upande» ifanye kazi zote. Hata «kimo» hapa kinababaisha: VO na VM vyote vinaitwa kimo, na ndipo 8.06 inapozaliwa.

Kipeo V
Hilo la upande nalikubali. La mwinamo bado: kinachoinama ni macho, si kiuno, na mwalimu analimaliza kwa sentensi moja.

Timazi
Ulalo umenisaidia zaidi kuliko alivyokusudia. Tiba ni kadi ya sm 8 kwa 8, mirija minne ya sm 9, na uzi wenye nati mwishoni ukining'inia kutoka V. Chora ulalo mbili kwenye kadi: nati inatua pale zinapokatana, na uzi unasoma karibu sm 7. Kisha daftarini: kitako kichorwe kama msambamba, kingo zilizofichika kwa nukta, alama ya pembemraba pale O hata kama kwenye karatasi haionekani mraba. Pembeni chora VOA peke yake, halafu VOM peke yake. Fundi wa paa analijua hili: ule ukingo wa konani bati zinapokutana una mteremko mdogo kuliko bati zenyewe. 51° dhidi ya 60°.

Nyuzi 60
Basi lipimike. Mikondo miwili, swali moja: mmoja upewe maneno ya Kiswahili bila mchoro, mwingine Kiingereza na mchoro tayari. Hesabuni kurasa tupu na hesabuni 8.06.

Ulalo
Ongeza mkondo wa tatu, Kiingereza bila mchoro, la sivyo hamtajua tofauti imeletwa na kipi. Na ukurasa mtupu usihesabiwe moja kwa moja kuwa ni wa lugha. Mwulizeni kila aliyeuacha aonyeshe kwa kidole, kwenye ile mirija, pembe iliyoulizwa iko wapi.