MJADALA: Mwanasesere wa resini aliyetiwa gundi viungoni, mnunuzi aambiwe?

Hoja: Wanasesere wa resini, yaani plastiki ngumu, ambao viungo vyao huvutwa pamoja na lastiki ya ndani, wakitokea ndani ya bunda la mitumba, mara nyingi huwa wamelegea: goti halishiki, mkono unaning'inia. Mafundi wa Kisumu na Nakuru huwatia gundi, kisha hupangwa mkekani pamoja na wale wa plastiki laini. Je, muuzaji alazimike kusema kiungo kimetiwa gundi? Na je, mtoto auziwe?

Fundi, Kondele
Mnauliza dawa kabla ya ugonjwa. Shika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, vuta kidogo. Pengo likitokea kati ya tufe (ile sehemu ya mviringo ya kiungo) na kikombe (shimo linaloipokea), lastiki ya ndani imechoka, na hapo gundi haina kazi. Pengo lisipotokea na goti bado linateleza, basi nyuso za resini zimelainika kwa kusuguana. Hapo ndipo gundi inapoingia, tena haingii kuunga vitu viwili bali kuweka tabaka jembamba linalokwaruza kidogo ili kiungo kishike.

Wengi hutia gundi mahali palipohitaji lastiki. Mwanasesere wa sm 60 hutaka lastiki ya mviringo ya mm 4 au 5 kwa kiwiliwili na miguu, mm 3 kwa mikono. Wa sm 27 hivi, mm 2 inamtosha. Ile bapa ya kiunoni mwa sketi haifai, hujikunja ndani ya tundu na kukwama. Funga fundo, jaribu, ikiwa bado imelegea punguza sm 1 tu kisha ujaribu tena. Ukikaza kupita kiasi, mguu utaruka wenyewe kama teke na kingo za kikombe zitabanduka vipande.

Muuzaji, Kibuye
Hiyo ni kazi ya nusu siku kwa mwanasesere mmoja. Jumapili soko letu hapa Kisumu limejaa, mteja anataka mwanasesere asimame, basi. Supaglu ni ya mashilingi machache: matone mawili juu ya tufe, sambaza kwa kijiti cha meno, subiri ikauke, rudisha. Sioni ya kutangaza. Nani hutangaza kwamba soli ya kiatu imebandikwa upya?

Mkusanyaji, Nakuru
Ndugu Muuzaji, neno lenye hatari hapo ni "ikauke". Supaglu hushika kwa unyevu wa hewa, na hewa ya kando ya ziwa haikosi unyevu. Kwa hiyo juu itakauka upesi huku chini, pale tone liliponenepa, bado ni mbichi. Ukirudisha kiungo wakati huo umeunganisha goti milele. Iache ilale usiku mzima, kiungo kikiwa wazi. Mvuke wake nao huacha utando mweupe kama ukungu kwenye resini ya jirani, hasa ukiifunika ndani ya kopo. Weka mahali penye upepo.

Ikishakauka, pitisha msasa namba 400 au 600 wenye maji. Usisugue kavu: vumbi la resini halifai kuingia mapafuni, na barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo hivyo.

Kuna wanaonyunyiza baking soda ili supaglu igande papo hapo. Kwa kujaza tundu, sawa. Kwa kiungo kinachozunguka, hapana! Hugeuka jiwe lenye chenga, na kila goti linapokunjwa linachimba kikombe.

Fundi, Kondele
Nakubali, naongeza la kuitoa. Supaglu hutolewa kwa asetoni, ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, lakini asetoni hiyohiyo hushambulia uso wa resini na kufuta rangi ya sura. Kwa hiyo hutoki ila kwa msasa, na msasa hula umbo la tufe.

Ndiyo maana gundi ya moto, ya ile bunduki ya umeme, ni bora. Zungusha uzi mwembamba wa gundi hiyo ndani ya kikombe, usawazishe kwa kidole kilicholowa ukisubiri kwanza upoe kidogo, uwe chini ya mm 1. Ikishaganda, kata kwa wembe pale lastiki inapopita, la sivyo itabana. Usipoipenda, tone la spiriti pembeni mwake, inabanduka nzima na resini iko vilevile.

Mzazi, Kakamega
Hilo la kubanduka nzima ndilo linalonitisha. Mtoto wa miaka miwili haulizi spiriti, ana meno.

Mkusanyaji, Nakuru
Mama (au baba, samahani), umegusa penyewe. Ila hata bila gundi, hao si wa mtoto huyo. Kipimo kinachotumika kwa vinyago vya walio chini ya miaka 3 ni silinda yenye kipenyo cha mm 31.7: chochote kinachoingia humo kizima kinaweza kumsakama kooni. Kiganja cha mwanasesere wa sm 27 kinaingia na nafasi inabaki, na kimeshikwa na kulabu tu. Watengenezaji wengi wenyewe huandika miaka 14 au 15 kwenda juu. Aina hii ya leo ilianza Japani kwa kampuni ya Volks mwaka 1999, na walengwa walikuwa wakusanyaji watu wazima. Kwenye mkeka wa mitumba boksi halipo, na onyo limebaki kwenye boksi.

Muuzaji, Kibuye
Basi tatizo ni umri, si gundi. Mnanilaumu kwa gundi bure.

Fundi, Kondele
Si bure. Wapo wanasesere ambao kichwa au viganja vyao hushikwa kwa sumaku, na sumaku ikichomoka hurudishwa kwa supaglu. Supaglu hukauka ngumu lakini haivumilii kugongwa, na sumaku hugongana kila kiungo kinaporudi. Siku moja inachomoka na kubaki imeng'ang'ania mwenzake. Mtoto akimeza mbili kwa nyakati tofauti huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Hiyo ni ya kupasuliwa hospitali.

Sumaku hutaka epoksi, ile ya tyubu mbili. Kwaruza shimo na mgongo wa sumaku kwa msasa namba 120, futa kwa spiriti, tia alama ya wino upande unaotazama nje usije ukageuza ncha zikasukumana. Changanya sawa kwa sawa dakika nzima. Ukikosea kipimo itabaki kama ulimbo. Kisha weka utepe juu na uitenge mbali na sumaku ya pili, kwani hiyo itaivuta nje gundi ikiwa mbichi. Saa 24. Nakuru wakati wa baridi ya Julai, ongeza siku, hata kama tyubu imeandikwa dakika 5: hizo ni za kushika, si za kukomaa.

Mzazi, Kakamega
Na mimi nisiye fundi nitajuaje ni resini?

Mkusanyaji, Nakuru
Uzito, kwanza. Kisha gonga kwa ukucha: inalia kama kikombe cha udongo. Bonyeza shavu, halibonyei. Halafu chungulia ndani ya shingo kama kuna kulabu na lastiki.

Muuzaji, Kibuye
Haya, wa sumaku nitawatenga na kuwaandika. Wa gundi ya goti, mteja akiuliza nitamwambia.

Mzazi, Kakamega
Nitaulizaje kitu nisichokijua? Andika kwa wino chini ya unyayo. Mgongoni nguo itafunika.