Mipira ya vioo vya Beetle 1967: yenye mkanda wa alumini au mitupu?

Zulia_Bichi
Wakuu, nina gari, Volkswagen Beetle ya 1967, ninayojiandaa kuipaka rangi upya. Mipira inayozunguka vioo imekauka na kupasuka kwenye kona, mvua ikinyesha zulia la mbele linalowa chapachapa. Naona njia tatu: mipira yenye mfereji wa kuvalisha mkanda wa alumini wa urembo, mipira mitupu isiyo na mkanda, au nibaki na hii ya zamani niizibe kwa silikoni. Mngechagua ipi?

Fundi_Kamba
Silikoni iondoe kabisa kwenye hesabu, hasa kwa kuwa unapaka rangi. Masalia yake yakibaki kwenye bati, rangi haishiki, inaacha vijitundu. Halafu inafungia maji ndani, kutu inakula taratibu usione kitu.

Kati ya hizo mbili, mimi nafunga yenye mkanda. Ila mkanda unavalishwa mpira ukiwa umeshavikwa kwenye kioo, kabla kioo hakijaingia kwenye gari. Ukisubiri mpaka kioo kiwe mahali pake, hauingii. Na alumini ile ni laini, ukiipinda kidogo tu kovu halitoki.

BatiTupu
Nampinga Fundi_Kamba kidogo. Mipira mitupu haiharibu asili ya gari, maana kiwanda chenyewe kilitoa Beetle za daraja la chini bila mkanda. Kwa mtu anayefunga mara ya kwanza ni rahisi zaidi: mpira unanyumbulika wote, hakuna chuma cha kuogopa.

Fundi_Kamba
Kwa urahisi nakubali. Lakini mwenzetu hajasema kama mikanda yake ya zamani ni mizima. Kama imenyooka, ni hasara kuitupa.

Mama_Gereji
Mnabishania urembo, mimi nauliza mpira umetengenezwa kwa nini. Mpira wa asili hupasuka kwa jua na ozoni. EPDM, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, huvumilia vyote viwili, ila adui yake ni mafuta: ukiupaka grisi unavimba na kulegea. Tumia maji ya sabuni tu. Angalia na kona pia: zilizomwagwa kwenye kalibu hukaa vizuri kuliko zilizounganishwa kwa gundi.

Kufunga: anika mpira juani ulainike, uvike kwenye kioo, pitisha kamba kwenye mfereji unaokaa kwenye ukingo wa bati, ncha zipishane chini katikati. Mmoja anasukuma kioo kwa viganja kutoka nje, mwingine anavuta kamba kutoka ndani ili mdomo wa mpira ulalie bati. Usigonge kwa ngumi.

Morris_Mdogo
Kwenye Mini yangu ni kinyume, ukanda wa kung'aa unaingia mwisho kabisa, na ndio unaoukaza mpira. Msichukue maelezo ya gari moja mkapeleka kwenye jingine.

Zulia_Bichi
Asanteni sana. Leo nimetoa kioo cha mbele. Kona ya chini kushoto, bati limeoza tundu la kuingia kidole! Kumbe mpira mpya pekee usingezuia maji. Mikanda mitatu imenyooka, wa nyuma umekunjika.

Mama_Gereji
Kata uozo wote, chomelea bati jipya, paka rangi ya kuzuia kutu mpaka ndani ya ukingo. Kabla ya kufunga, jaribisha mpira kwenye ukingo bila kioo. Ukiona unanyanyuka konani, weldi bado ina nundu, isage tena.

Fundi_Kamba
Na huo mkanda wa nyuma tafuta mwingine, usijaribu kuunyoosha.

Zulia_Bichi
Basi naenda na EPDM yenye mfereji wa mkanda. Naanza na weldi kesho.