Huyu fundi umeme wa chini ya mwembe ameniuliza swali ambalo nitazikwa nalo

Wakuu salaam, ingawa leo hata salaam yenyewe sina.

Mnamjua. Simtaji, lakini mwenye gari bovu yeyote kuanzia Mwenge mpaka Sinza anamjua. Yule mwenye tesa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kaipachika sikioni kama penseli ya seremala.

Gari ni Corolla 110, manyo ya gia za mkono, injini haina neno. Taa za rivasi ndiyo zimegoma, zote mbili kwa mpigo. Nikamwambia mapema: balbu nimebadilisha, fyuzi nzima. Nikamwomba kitu kimoja tu. Aingie chini, achomoe soketi ya swichi ya rivasi pale kwenye giaboksi, aunganishe zile nyaya mbili kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewasha dashibodi tu. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Zisipowaka, tufuatilie waya. Dakika kumi hazifiki! Akaitazama fulana yake mpya. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye mihogo yake.

Jioni nakuta kazi "imekwisha". Wakuu, kanifungia swichi ya UKUTANI. Ile nyeupe ya kuwashia taa ya sebuleni. Kaikaza kwa skrubu mbili chini ya dashibodi, pembeni ya goti, na kingoni bado ina rangi ya kijani ya ukuta wa watu. Kuna familia mahali inakula gizani kwa ajili yangu.

Namuuliza hii nini, anasema ukitaka kurudi nyuma unabonyeza, ukimaliza unazima. Nikamwambia gari inatakiwa ijiwashie yenyewe nikiingiza gia. Ndipo, mbele ya bodaboda wote wa kijiwe, mhogo mdomoni, akanijibu:

"Kwani bosi, we unarudi nyuma mara ngapi kwa siku?"

MARA NGAPI KWA SIKU.

Kijiwe kikalipuka. Dogo wake wa spana alicheka mpaka akakaa chini. Na elfu arobaini yangu imeshaingia mfukoni, haitoki hata kwa maombi ya kufunga. Mtu kala hela yangu, kala mihogo, halafu ananihoji ratiba yangu ya kurudi nyuma. Mbele ya bodaboda! Mara ngapi kwa siku!

Nimeandika haya nikiwa bado natetemeka.

Kidumu cha Dizeli: Pole mkuu. Ila hujajibu. Mara ngapi?

Mama Wawili Tegeta: Nimecheka mpaka mtoto kaamka 😂 rangi ya kijani jamani

Sharobaro Mstaafu: Chai. Bila picha ya hiyo swichi hii ni chai ya rangi, sukari nyingi.

Mleta uzi: Picha nipige ya nini, ya kumfurahisha nani? Nyie hamkuwepo. Hamkumwona alivyotafuna kwanza ndipo akauliza. Alitafuna KWANZA.

Bodaboda Msomi: Mimi nilikuwepo. Kaacha sehemu, fundi aliongeza "au we ni kaa?" Ndipo dogo akakaa chini.

Mleta uzi: Hilo la kaa halikuwa la lazima kulileta hapa.

Mzee wa Klachi: Tuache utani kidogo. Mleta mada, geji zako za dashibodi zinafanya kazi? Toyota nyingi za enzi hizo rivasi na geji zinakula fyuzi moja, kwa hiyo kama geji ziko sawa, fyuzi tuiache. Ulichomwambia ni sahihi kabisa, hiyo swichi imekazwa kwenye giaboksi, ukiingiza rivasi inakutanisha nyaya mbili, hakuna uchawi mwingine. Ukikuta soketi imelowa oili ya gia, ujue swichi inavujisha. Nenda Ilala Shauri Moyo utapata ya mtumba, ila iingie na washa mpya, ile ringi ya kuzibia oili, na asikaze kwa hasira maana kasha la giaboksi ni aluminiamu. Ikiwa swichi ni nzima, fungua buti, angalia pale nyaya zinapopinda kwenye bawaba, hukatikia ndani ya plastiki huku nje zinaonekana safi.

Kinachonitisha mimi siyo swichi ya ukutani. Balbu mbili za wati 21 zinavuta takriban ampea tatu na nusu tu. Swali ni umeme kauchota wapi. Kama ni moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, siku waya ikisuguana na bati utaikuta gari majivu.

Mleta uzi: Asante sana mzee wangu. Lakini hapo kwenye "mara ngapi kwa siku" unasemaje?

Mzee wa Klachi: Sina la kusema.

Mchaga wa Ubungo: Ngoja, ngoja. Corolla ya bluu? Jana usiku nimekufuata Sam Nujoma yote, taa nyeupe zinawaka nyuma mwanzo mwisho, nikawa napiga honi nikijua unanirudia! Nilikaribia kuingia mtaroni.

Mleta uzi: Si mimi. Na kama ni mimi, kamdai aliyeweka swichi.

Kidumu cha Dizeli: Kumbe anarudi nyuma siku nzima 😂😂

Sharobaro Mstaafu: Dawa ni kununua otomatiki.

Mama Wawili Tegeta: Mafundi wote baba yao mmoja. Mimi nina kitenge kwa fundi cherehani toka Mfungo wa Ramadhani, kila nikienda "dada kesho". Juzi nimemwona mkewe sokoni kavaa kitambaa changu. KAVAA. Na kimemkaa.

Dada wa Makumbusho: Subiri, huyo ni yule wa karibu na msikiti, mwenye redio kubwa?

Mama Wawili Tegeta: Huyohuyo!

Dada wa Makumbusho: Uwiii. Sare zetu sita za send-off ziko kwake na shughuli ni Jumamosi.

Bodaboda Msomi: Dada nipo hapo jirani sasa hivi. Redio inalia ila mlango una kufuli.

Dada wa Makumbusho: Kaka tafadhali chungulia dirishani, ni kitambaa cha zambarau.

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ni wa taa za rivasi.

Bodaboda Msomi: Zambarau sioni. Naona cha machungwa, kimekatwa mikono tu.

Mama Wawili Tegeta: Cha machungwa ni cha dada yangu!!