Mjadala: Mwanafunzi wa PCB ana haja gani na ushairi?

MletaMada_Nyegezi: Wakuu, hapa Mwanza hoja imerudi: mwanafunzi wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) asome fasihi, au muda huo akae maabara? Nasema asome. Karne nyingi sayansi ilitunzwa kwa ushairi. Ibn Sina aliandika utabibu kwa beti zaidi ya 1,300. Nahodha Ibn Majid, mwaka 1462, alitunga elimu ya bahari kwa zaidi ya beti 1,000. Mizani, yaani idadi ya silabi za mstari, ni kufuli: ukidondosha neno, mstari unapwaya na sikio linakukamata.

Fizikia_Ilemela: Mkuu, kufuli hilo halifungi namba. Kwa Kiswahili, moja hadi kumi, kila neno lina mizani mbili. "Nyota i vidole saba" ni mizani nane; weka tisa, bado nane. Na kidole, kipimo cha mabaharia wale cha kimo cha nyota juu ya upeo wa macho, ni takriban nyuzi 1.6, sawa na zaidi ya kilomita 170 za safari kaskazini au kusini. Ukikosea viwili ukielekea kaskazini kutoka Mwanza, umeshaipita Entebbe! Jedwali la namba liliushinda ushairi kwa haki.

MletaMada_Nyegezi: Umesahau vina, silabi za mwisho zinazofanana. Saba ina "ba", tisa ina "sa". Namba ikikaa mwisho wa mstari, kosa linasikika. Tundu ni moja: nne na nane, zote "ne". Hapo mtunzi airudie namba kwa njia nyingine mstari unaofuata.

Mkerewe_Nansio: Mbona ushairi tu? Mwandishi Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980. Humo mna utengenezaji wa pombe ya ndizi na dawa za miti, hatua kwa hatua. Jedwali halikuambii nani anafanya nini, na kwa nini. Ila mtafiti wa dawa hizo asiishie kwenye jina la mti: jina moja la kienyeji huweza kubeba spishi mbili. Achukue tawi lenye ua au tunda, alikaushe, alilinganishe na sampuli zilizokwisha kutambuliwa.

Fizikia_Ilemela: Hilo nakubali. Dawa ya kichocho je? Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Makumi karibu yote yanaishia "ni", kina hakisaidii.

MletaMada_Nyegezi: Hapo mizani inaokoa. A-ro-ba-i-ni ni tano. Sitini, sabini, tisini ni tatu tatu. Ishirini, thelathini, hamsini (ha-m-si-ni) na themanini ni nne. Ukibadili, mstari unavunjika.

Fizikia_Ilemela: Sawa, 40 imelindwa. Lakini mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, vidonge viwili vya 600. Kuzidisha huko hakumo kwenye ubeti. Saa hiyo ya maabara siiachii.