Tupeane uzoefu: ulijifunzaje takwimu kwa fomula za Excel?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Humu kuna wengi tuliojifunza takwimu kwa Excel tupu, bila programu maalumu. Kila mmoja aseme kilichomfungua macho. Orodha za fomula hatuzihitaji, menyu ya msaada inazo zote.

Naanza mimi. Mchepuko wastani, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake, ulikuwa kwangu namba tu inayotoka kwenye seli, mpaka nilipoujenga hatua kwa hatua. Chukua 2, 4, 4, 4, 5, 5, 7 na 9. Wastani ni 5. Safu ya pili, toa 5 kwenye kila namba. Safu ya tatu, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, kisha jumlisha. Utapata 32. Gawa kwa 8, tafuta kipeuo cha pili, jibu ni 2: hiyo ndiyo STDEV.P. Gawa ile 32 kwa 7 badala ya 8, kipeuo cha pili ni takriban 2.14: hiyo STDEV.S. Ya kwanza ni ya kundi zima, ya pili ni ya sampuli. Namba za sampuli huwa karibu zaidi na wastani wao wenyewe kuliko wastani halisi wa kundi, kwa hiyo ukigawa kwa 8 mtawanyiko unaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Mdau wa pili
Mkuu umenena. Wanaojaribu hilo zoezi wasisahau alama ya dola. Wastani ukiwa B10, andika =(A2-$B$10)^2 ndipo uburute. Bila dola, mstari unaofuata utatafuta B11.

Mdau wa tatu
Kwangu ni seli tupu. AVERAGE ya 10, 20 na seli tupu ni 15. Jaza sifuri kwenye ile tupu, inashuka hadi 10. Asiyejibu dodoso na aliyejibu "sifuri" ni watu wawili tofauti, na Excel haiwezi kukuamulia yupi ni yupi.

Halafu kuna namba zilizoingia kama maandishi. AVERAGE inaziruka kimyakimya, hakuna onyo la maana. Dawa yangu ni COUNT na COUNTA kwenye safu ileile kabla ya lolote. COUNT inahesabu namba tu, COUNTA inahesabu kila seli yenye kitu. Safu ya namba pekee ikitoa majibu mawili tofauti, sigusi fomula nyingine mpaka nijue kwa nini.

Mdau wa nne
Wanauchumi Reinhart na Rogoff walitoa makala ya madeni ya serikali mwaka 2010. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon akafungua faili lao: fomula ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya 49, nchi tano zikabaki nje. Makala ilikuwa na ubishi mwingine pia, lakini hilo la mistari mitano ndilo linalonifanya nibofye F2 kila mara, nione fremu ya rangi imeishia wapi.

Mdau wa tano
T.TEST jamani, ile ya kulinganisha wastani mbili! Ile namba ya mwisho kwenye mabano, 1, 2 au 3, watu wanabahatisha. Watu walewale kabla na baada: 1. Makundi mawili tofauti: mimi naweka 3, maana haidai mtawanyiko wao ulingane. Na inarudisha thamani ya p tu (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kweli hakuna tofauti), ukubwa wa tofauti utafute mwenyewe kwa kutoa wastani mmoja kwenye mwingine.

Mdau wa sita
Naomba msaada, nataka kupima uhusiano wa safu mbili, naandika =CORREL(A2:A12,B2:B12) inagoma kabisa.

Mleta mada
Jaribu nukta mkato badala ya koma, mipangilio ya lugha ya kompyuta yako huenda inataka hivyo. Ikikubali, usiishie kwenye jibu, chora na grafu ya nukta. Mwanatakwimu Anscombe mwaka 1973 alitunga seti nne za nukta 11, zote CORREL yake ni karibu 0.816. Moja imepinda kama upinde, nyingine uhusiano wote unabebwa na nukta moja iliyo pembeni.

Mdau wa sita
Nukta mkato imekubali. Nachora sasa hivi.